Msimu ukifa wewe usife nao: jinsi ya kulinda kichwa chako ukiwa unaishi kwa shoo za hoteli na harusi Zanzibar

Tuanze na kalenda maana hapa kwetu ndio mzizi wa mambo mengi. Ukiwa unapiga muziki, unaimba taarab, unacheza ngoma, unafanya sarakasi, DJ, MC wa maharusi, hata yule kijana anaebeba spika na kufunga taa, mwaka wako umekatika vipande. Juni mpaka Oktoba wageni wamejaa, Disemba mpaka Februari wamejaa tena, hapo ijumaa uko Nungwi, jumamosi Paje, jumapili una harusi Fuoni na simu bado inaita. Halafu yanaingia masika, Machi mpaka Mei, hoteli nyengine zinafunga kabisa wanaezeka makuti na kupaka rangi, na juu yake kuna Ramadhani ambapo muziki unanyamaza. Miaka ya 2021 na 2022 Ramadhani ilianza Aprili kwahio ukame ulikuwa mmoja, unafunga na mvua inanyesha, ukitoka umetoka. Lakini mwezi unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na 2026 imeingia Februari, maana yake imekula mkia wa msimu mzuri na masika yenyewe karibu yote bado yako nyuma yake. Katikati hapo kuna Idd na maharusi ya mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ndio yanatuokoa kidogo.

Sasa mtu aliekaa miezi minne anapigiwa makofi kila usiku, anakwenda miezi mitatu hana anaemuita hata kumuuliza hali, na hela hamna, na nyumbani wanamtizama kama kakaa bure. Hapo ndio unaskia fulani kabadilika, fulani hatoki chumbani, fulani kaanza kunywa mchana.

Watu wana majibu yao tayari. Wasanii hawana dini. Wasanii wanapenda starehe. Kafanyiwa huyo, kuna mtu kamhusudu sauti. Mie naona kazi yetu ilivyopangwa tu inatosha kumuumiza mtu mwenye akili zake timamu, usingizi umepinduka, hela inakuja kwa mafungu, pombe iko mkononi bure, na aliekushangilia usiku ndio huyohuyo anakusema asubuhi. Ukishalijua hilo unaacha kujilaumu unaanza kujipanga, na kujipanga kwenyewe kunaanza msimu ukiwa bado hai, sio siku unayorudishwa na mashine zako mjini.

Hela kwanza, msinicheke

Najua mtasema tunazungumza akili wewe unaleta hela. Lakini kaa na msanii yoyote mwezi wa Aprili umuulize kinachomuamsha saa nane za usiku, asilimia kubwa atakwambia kodi. Kwahio chukua daftari, andika vitu vya lazima vya mwezi mmoja, kodi, mchele, umeme, ada za watoto chuo cha Kurani na skuli, dawa za mama, nauli, basi. Zidisha mara tatu. Hicho ndio kiwango unachotakiwa uwe nacho pembeni Ramadhani ikiingia, na kama huwezi kukifikia chote nusu yake pia inakupa usingizi.

Kila ukilipwa kwenye msimu toa fungu papo hapo kabla hujafika nyumbani, na usiliache kwenye simu ileile unayonunulia vocha na chipsi maana halitofika Machi. Kikundi cha hisa ni kizuri ila uliza wanagawana lini, cha kugawana Septemba hakikusaidii wewe, tafuta kinachovunja kabla ya mwezi mtukufu. Kama mnacheza upatu nenda kwa kijumbe mapema umuombe zamu ya Machi au Aprili, wenzio wengi wanagombea Disemba kwahio utapewa tu. Na ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, wana mpango wa hiari kwa watu wasioajiriwa, unachangia mwenyewe, hio sio ya kukutoa masika haya ila ni ya siku ambayo vidole havitaki tena.

Kudai malipo ndio kunakowaumiza watu vichwa kuliko njaa yenyewe, maana unajihisi ombaomba na ilhali umefanya kazi. Hoteli ikisema inalipa baada ya siku 30 iandikwe kwenye meseji kabla hujapanda jukwaani, na siku ya 31 unatuma sentensi moja bila ya hasira wala salamu ndefu: "Bosi, malipo ya shoo ya tarehe fulani yalikuwa yaingie jana, yanaingia leo saa ngapi?" Saa ngapi, sio je yataingia. Kwenye harusi ndio kazi maana mteja ni jamaa. Hapo watangulize wenzio: "Shangazi, mie kama mwanao ntakuja hata bure, lakini hawa wapigaji watano wana watoto wao, nnaomba nusu yao nikabidhiwe kabla ya alkhamis." Shangazi atanuna siku mbili, zitapita.

Ukishuka jukwaani

Shoo inaisha saa sita usiku, kufunga vyombo, kusubiri gari, daladala zishalala zamani, Nungwi mpaka mjini ni zaidi ya saa moja, unafika kwako saa tisa mwili umechoka lakini kichwa kinawaka taa zote. Hio ni kawaida. Ukiwa jukwaani mwili unamwaga homoni za kukuweka macho na mapigo ya moyo yanapanda, na havishuki kwa kuzima spika, vinataka saa moja mbili hivi. Tabu ni kile tunachokifanya ndani ya masaa hayo. Mmoja anakunywa. Mwengine anafungua simu anajitizama kwenye klipu za wageni anahesabu makosa yake. Mwengine anaingia kwenye mabishano ya grupu la bendi nani aliharibu wimbo wa tatu, saa tisa za usiku, ugomvi mwingi wa bendi naoujua mie umezaliwa kwenye gari ya kurudi.

Wekeni sheria ya bendi, makosa ya shoo hayazungumzwi usiku, yanazungumzwa siku ya mazoezi. Ndani ya gari taa zizimwe, mtu anaetaka kusikiliza kitu avae vyake masikioni. Ukifika koga maji, kula kitu chepesi, chai ya tangawizi na mkate sio sahani ya biriani, simu iache chumba chengine.

Na hizi enaji, vinywaji vya kopo vya kuchangamsha. Kafeini inachukua masaa matano sita kupungua nusu tu, kwahio kopo ulilokunywa saa tano usiku ili uchangamke, saa kumi za alfajiri nusu yake bado inatembea kwenye damu, halafu unajiuliza mbona silali. Ya mwisho iwe magharibi. Kama huwezi kupiga seti ya pili bila ya enaji basi tatizo lako ni usingizi wa jana.

Mtu mzima anahitaji masaa saba kwenda juu ndani ya siku nzima, na haijaandikwa pahala kwamba lazima yawe usiku. Ukifika karibu na alfajiri, ngojea usali kisha ulale moja kwa moja mpaka saa tano, halafu ongeza kidogo baada ya adhuhuri. Nyumbani ndio pa kupanga kwa maneno mazuri, kwasababu kwa mama yako mtu anaelala saa nne asubuhi ni mvivu hata kama kapiga kinanda usiku kucha. Mwambie siku ambayo hamjagombana: "Mama, mie usiku ndio nakuwa kazini, nnaomba mpaka saa tano mlango wangu usigongwe, wakija wageni waambie nimelala kazi ya usiku, kama wanavyolala manesi." Hilo la manesi linafanya kazi wallahi, maana nesi hakuna anaemuita mvivu. Dirishani tundika kanga mbili au kitambaa kizito cheusi.

Jengine ambalo halisemwi, masikio. Kelele za desibeli 85 sikio linazivumilia masaa 8, ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu, ukifika 100 ni dakika 15 tu ushaanza kuliumiza, na jukwaa dogo la ufukweni lenye ngoma na besi linafika 100 bila ya shida. Matokeo yake ni ule mlio unaobaki kichwani, nziiii, ambao mchana huuskii lakini usiku kukitulia unakula usingizi wote, na mtu asielala wiki anaanza kuwa na hasira na kuona giza kwenye kila kitu. Kuna wanaodhani wanaitwa na mashetani. Nunua vizibo vya masikio, vile vya sponji vinapatikana kwa bei ndogo, na mwambie mtu wa saundi apunguze spika ya jukwaani, ngoma utaiskia tu. Ukiwa nao tayari mlio huo wa kila siku nenda ukapimwe masikio.

Pombe ya bure

Hili kwetu gumu kulisema kwasababu wengi wetu ni waislamu na mtu anakunywa kwa kujificha, na kitu cha kujificha hakina mtu wa kukupunguzia. Hoteli haikuzidishii malipo lakini baa iko wazi, mgeni anakuletea moja kwasababu umempigia wimbo wake, ukikataa anaona umemdharau. Njia rahisi niliyoiona ikifanya kazi ni kuzungumza na mtu wa baa kabla ya shoo, mgeni yoyote akininunulia niletee soda yenye barafu na ndimu ndani ya glasi ileile. Watu wa baa wanaelewa, na hakuna mgeni anaekuja kuinusa glasi yako. Kwenye makubaliano na hoteli pia badilisheni, badala ya vinywaji bure ombeni chakula kizima na gari ya kurudi.

Sasa hapa nikae kidogo maana kuna watu wanaumia kila mwaka. Mtu kanywa kila siku msimu mzima, tena nyingi, ikifika kukaribia mwezi anatia nia anakata ghafla siku moja. Nia njema kabisa. Lakini mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa ghafla unagoma, masaa 6 mpaka 24 ya mwanzo mikono inatetemeka, jasho, moyo unakimbia, ndani ya siku mbili anaweza kuanguka kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho, na siku ya pili mpaka ya nne kuna wanaochanganyikiwa wakaona watu na wadudu ambao hawapo. Hio ya mwisho inaua. Nyumbani wanasema kapandisha jini, wanamfungia chumbani na ubani, na kumbe anatakiwa hospitali saa ileile. Kwahio kama wewe ukiamka mikono inatetemeka mpaka upate kidogo, usikate mwenyewe kimyakimya, nenda hospitali mapema katika Shaaban, mwezi kabla ya Ramadhani, mwambie daktari ukweli wa kiasi unachokunywa, atakupa dawa za kukushusha polepole. Daktari hakuulizi dini yako, anauliza chupa ngapi.

Kwa waliozama kwenye unga, huduma ya methadoni, dawa inayopewa badala ya unga, ipo hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, na soba hausi, nyumba za watu wanaoacha, zipo. Na vile vidonge vya usingizi vinavyopitishwa mkono kwa mkono kwenye magari ya bendi, vile ukivizoea navyo havikatwi ghafla, hesabu ni ileile ya pombe, pitia kwa daktari.

Mwezi mtukufu

Kwa wengi Ramadhani inawarudisha. Siku ina mpangilio, daku, alfajiri, futari, taraweh, unakutana na watu wa mtaani ambao miezi hukuwaona, unalala usiku kama watu. Utumie huo mpangilio. Ila wapo wanaobeba mzigo, anakaa msikitini anajiambia hela yangu yote ya haramu, mtoto wangu namlisha haramu, na Idd ikipita anarudi jukwaani kwasababu hana kazi nyengine, na mwaka mzima anajichukia. Sitoi fatwa mie, si kazi yangu. Nnachosema usikae na swali hilo peke yako saa nane za usiku. Tafuta maalim mmoja unaemuamini, mwenye upole, sio wa kwenye klipu za kufoka, kaa nae muulize kuhusu hali yako wewe na kazi yako wewe. Jibu lolote utakalotoka nalo litakuwa jepesi kuliko mabishano unayopigana na nafsi yako.

Mwenye dawa za kila siku, za mawazo, za kifafa, za kutuliza akili, asiziache kwasababu kafunga. Kabla ya mwezi nenda kwa daktari muulize zipi zihamie futari na daku, na zipi haziruhusu kufunga kabisa. Kuna dawa za akili ambazo mtu akikaa bila ya maji siku nzima zinazidi kwenye damu, hizo sio za kujipangia na rafiki.

Na wenzetu wa bara wasiofunga jamani. Bendi za hoteli zimejaa vijana kutoka Dar, Tanga, Mwanza, mwezi ukiingia wanabaki peke yao kwenye chumba cha kupanga kule shamba, migahawa ya mchana imefungwa, ndugu mbali. Mualike futari. Huhitaji kumhubiria, sahani ya viazi vitamu na tambi inatosha.

Masika yenyewe

Ukikaa bila kazi kichwa kinakwambia usubiri hamu irudi ndio uanze kitu. Usisubiri. Hamu inakuja nyuma ya kazi, hivi ndivyo hata madaktari wanavyowatibu watu wenye sonona nyepesi, yaani ugonjwa wa huzuni, wanampangia vitu vidogo vya kufanya kila siku hata kama havitaki. Kwahio weka mambo matatu tu: saa ya kuamka isiyobadilika, saa moja ya chombo chako au sauti yako, na pahala pamoja pa kwenda nje ya nyumba kila siku, iwe baraza, iwe Forodhani jioni kucheza bao, iwe mpira, iwe shamba kwa babu. Mpemba aliekuja mjini kwa ajili ya muziki ndio namshauri zaidi, panda meli rudi Chake au Wete wiki mbili tatu, mama akuone, kodi ya chumba cha mjini zungumza na mwenye nyumba kabla haijafika tarehe: "Mzee, mwezi huu hoteli zimefungwa, nakupa nusu leo na nusu baada ya Idd." Mwenye nyumba anaeambiwa mapema anakuwa mtu, anaefichwa ndio anageuka.

Masika ni wakati wa kujifunza pia, nota, kurekodi, kufundisha watoto wa mtaani ganuni au fidla. Na ukianza kuona ukame wako ni kwasababu huna kipaji, kumbuka Sauti za Busara yenyewe, tamasha la muziki linaloleta watu hapa Zanzibar kutoka duniani kote tangu 2004, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Chuo chetu cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) mwaka 2019 kilikuwa kinatangaza kinaweza kufunga kwa sababu hiohio. Hivyo sio vipaji vilivyokwisha, ni pesa, na vyote viwili viliendelea baadae.

Kusemwa

Mwanamke anaeimba anasemwa mara mbili, mara moja kwa kuimba, mara ya pili kwa kurudi nyumbani usiku. Haya hayakuanza na simu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, katoka Fumba, mtoto wa watu wa chini, mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, na mjini hapahapa akatungiwa wimbo wa kumkejeli asili yake na sura yake. Akajibu kwa wimbo, kisha akaendelea na kazi yake. Tofauti ni kwamba kejeli za wakati ule zilikuwa zinakufika jioni barazani, za sasa zinakufuata kitandani. Kwahio mpe mtu mwengine akusomee maoni, dada yako, rafiki asiekuwa mbea, akuletee yale ya kazi tu. Usijibu tusi usiku. Grupu la familia likianza kukusimanga zima sauti ya grupu, kujitoa kabisa kutaleta kikao.

Matusi ni tafauti na kushikwashikwa, hapo hakuna kuvumilia. Mtu anaekuja kutunza hela anaipitisha mkono pasipo pahala pake, promota anaetaka mwimbaji aje peke yake chumbani kuchukua malipo. Bendi iweke sheria na isemwe mbele ya mteja, malipo yanapokewa na watu wawili, pahala pa wazi, na mtunzaji anaweka hela kwenye sahani au mkononi. Mkosaji akitoka nje ya mstari wimbo unasimama. Wanaume wa bendi ndio wa kuusimamisha, sio kumuachia mwimbaji ajitetee huku anaimba.

Ikizidi

Mawazo ya siku tatu nne kila mtu anayo. Ukiona wiki mbili zimepita, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku huzuni au hamu ya kitu chochote imekufa, hata muziki huutaki kuuskia, usingizi umeharibika au unalala mchana kutwa, chakula hakipiti, unajiona mzigo, hapo si uvivu na sio udhaifu wa imani, hio ni sonona na ina dawa. Kwa wanaume mara nyingi inatoka kwa sura ya hasira na kunywa kuliko machozi, ndio maana hatuioni.

Kuna nyengine ya upande wa pili ambayo sisi wasanii tunaisifu. Mtu halali siku tatu nne na hachoki, anaongea haraka haraka, ana miradi kumi, anatumia hela zote, anajiona kafunuliwa kitu, na mashabiki wanasema kipaji hicho kimefungua. Asielala na asichoke apelekwe hospitali. Kadhalika anaeskia sauti za watu wasiokuwepo.

Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya afya ya akili pale mjini, jina lake limekuwa tusi la mitaani na ndio maana watu wanafika wakiwa hoi. Unaweza kwenda kwa miguu yako, ukamuona daktari na ukarudi kwako mchana huohuo, kama unavyokwenda kutizama sukari. Ukiona haya anzia Mnazi Mmoja au kituo cha afya cha karibu uombe kuelekezwa. Pemba anzia Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee Mkoani, sema moja kwa moja nnataka kuonana na mtu wa afya ya akili. Ukitaka kusomewa somewa, dua haigombani na kidonge, ila mtu yoyote anaekwambia uache dawa za hospitali ndio yake ifanye kazi muage. Dawa nyingi za sonona zinachukua wiki mbili mpaka sita ndio uone tofauti, wiki ya kwanza unaweza kuhisi kichefuchefu tu ukasema hazifai. Vumilia na urudi kwa daktari, na ukipata nafuu usiziache kwa uamuzi wako.

Na mwenzio ukimuona kakaa pembeni, anagawa vitu vyake, anaaga aga, anasema mkiniona sipo msinitafute, muulize wazi. Watu wanaogopa kwamba ukimuuliza unamtia wazo, si kweli, kuulizwa kunamfungua. Mvute pembeni, mkae chini: "Mwenzangu, nakuuliza kwa mapenzi na sitomwambia mtu wa kukucheka, ushafika pahala unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza. Usimkatishe na aya wala na "mbona wenzio wana shida zaidi". Akisema ndio, uliza kapanga vipi, kisha usimuache peke yake hata kwenda dukani, sumu, kamba na vidonge viondolewe, muite mtu mmoja wa nyumbani anaempenda, mmpeleke hospitali usiku uleule. Usiweke kwenye grupu. Usiahidi siri ambayo itamuua.

Kwa viongozi wa bendi

Mengi hapo juu mtu mmoja hawezi peke yake. Kiongozi ndie anaejua nani kapokea nini, nani kakosa mazoezi mara mbili, nani harudi nyumbani. Msimu ukifa usivunje mazoezi, hata mara moja kwa wiki bila ya shoo, na asiekuja apigiwe simu ya kumuuliza hali, sio ya kumgombeza. Toeni kidogo kwenye kila shoo mkaweke mfuko wa bendi wa mgonjwa na msiba, ugonjwa wa akili uhesabiwe humo sawa na malaria. Aliekuwa Kidongo Chekundu wiki tatu nafasi yake isubiri, mpigaji wa kuazima yupo. Na kwenye daftari la shoo, ukurasa wa nyuma, kila mmoja aandike namba ya mtu wake wa nyumbani na dawa anazotumia kama karidhia mwenyewe, na daftari hilo likae kwa mtu mmoja anaejua kufunga mdomo.